Si Mchwa Waliokula Nyaraka za Wafanyakazi

Wimbo wa kidijitali sasa umefika kwenye makabati ya nyaraka. Nairobi, Dodoma au Unguja, ukihudhuria kikao chochote kinachohusu kumbukumbu za taifa utasikia habari ya kuskani mafaili ya zamani kabla hayajaoza, na fungu la fedha likipatikana, kitu cha kwanza kununuliwa ni mashine. Sina ugomvi na mashine. Ugomvi wangu ni na maelezo yanayoandamana nayo pale inapotajwa historia ya vyama vya wafanyakazi: kwamba karatasi zimeliwa na mchwa na unyevu wa pwani, wazee wanatutoka, basi tuskani kilichopo na kazi itakuwa imekwisha. Maelezo hayo yanamsingizia mchwa. Kumbukumbu za wafanyakazi wa Afrika Mashariki zilipotea kwa sababu vyama vilivyoziandika vilifutwa, kuunganishwa na kubatizwa upya mara nyingi mno, na kila kilipofutwa kimoja, karatasi zake zilikosa mrithi. Kilichosalia kwa wingi ni mafaili ya waliokuwa wakiwachunguza wafanyakazi. Ukiyaskani hayo peke yake, utakuwa umempa kipaza sauti askari kanzu wa mwaka 1947.

Tuanze bandarini Dar es Salaam. Makuli wengi wa siku zile walikuwa vibarua wa kutwa. Meli ikija wana kazi, meli ikiondoka hawana. Waligoma mwaka 1939, wakagoma tena 1943, na Septemba 1947 mgomo ulioanzia gatini ulifuata reli ukaingia bara. Mgomo huo ndio uliowapatia makuli chama chao cha kuandikishwa, na katibu wake akawa Abdulwahid Sykes, ambaye miaka michache baadaye tunamkuta miongoni mwa waasisi wa TANU. Februari 1950 ukazuka mgomo mwingine ulioishia kwa ghasia na polisi, na mwaka huohuo chama kikavunjwa. Sasa fikiria chama cha aina ile kilikuwa na nini ofisini: daftari la wanachama, vitabu vya stakabadhi, mihtasari ya vikao, barua walizoandikiana na makampuni ya kupakua shehena, pengine na muhuri. Chama kikivunjwa kwa amri, mali yake inashikwa, lakini daftari halina bei mnadani. Na mwanachama aliyebaki na kadi mfukoni ana sababu nzuri ya kuichoma. Upande wa pili, Idara ya Kazi na polisi hawakuvunjwa na mtu. Mafaili yao yaliendelea kupigwa namba na kurudishwa masijala, hadi yakaingia Nyaraka za Taifa. Mtafiti anayefika leo pale Upanga kumtafuta kuli wa 1947 anampata kama alivyoonekana na ofisa aliyekuwa akimwogopa.

Mtu anaweza kusema hayo ni mambo ya mkoloni. Laiti ingekuwa hivyo. Shirikisho la vyama vya wafanyakazi Tanganyika, TFL, liliundwa mwaka 1955 na Rashidi Kawawa akawa katibu mkuu. Mwaka 1962, Kawawa huyohuyo akiwa Waziri Mkuu, zikapitishwa sheria zilizobana migomo na kuweka vyama chini ya uangalizi wa serikali. Mwanzoni mwa 1963 Victor Mkello, kiongozi wa wafanyakazi wa mashamba, alipelekwa kukaa Sumbawanga kwa amri ya serikali. Kisha yakaja maasi ya jeshi ya Januari 1964. Viongozi wengi wa vyama walikamatwa, na mwezi uliofuata TFL ikafutwa kwa sheria, mahali pake ikawekwa NUTA, ambayo katibu mkuu wake aliteuliwa na Rais na papo hapo alikuwa Waziri wa Kazi. Mwaka 1978 NUTA ikawa JUWATA. Mwaka 1991 JUWATA ikawa OTTU, 1995 ikaja TFTU, na karne mpya ilipoanza ikaja TUCTA. Kila jina jipya lilikuja na katiba mpya, uongozi mpya, mara nyingi na ofisi nyingine. Yeyote aliyewahi kuhama ofisi anajua hatima ya kabati ambalo mwenyewe hayupo kulitetea. Ndani ya miaka thelathini na ushee, kumbukumbu za wafanyakazi wa nchi moja zilihamishwa hivyo mara nne au tano, na sijawahi kusikia kwamba katika mabadilishano hayo ilifanyika hafla ya kukabidhiana nyaraka. Majengo na akaunti za benki, hayo yaligombaniwa.

Kenya inatupa jaribio zuri zaidi, maana huko tunaweza kulinganisha watu wawili wa kizazi kimoja. Januari 1947 wafanyakazi wapatao 15,000 wa Mombasa, wa bandarini, wa reli, wa mahotelini, hata wa majumbani, walisimamisha mji kwa siku 12. Walikuwa wakikutana kila siku katika uwanja waliouita Kiwanja cha Maskini, na kutokana na mgomo huo likaibuka Shirikisho la Wafanyakazi Waafrika, likiongozwa na Chege Kibachia. Agosti mwaka huo Kibachia alikamatwa, akahamishiwa Kabarnet, na shirikisho likafifia. Hotuba za Kiwanja cha Maskini tunazisoma leo hasa kupitia taarifa za polisi na magazeti ya wakati ule, yaani kupitia masikio ya watu ambao hawakuwa wamekuja kugoma.

Mwingine ni Makhan Singh. Alifika Kenya mwaka 1927 akiwa kijana kutoka Punjab, akafanya kazi katika kiwanda cha uchapaji cha baba yake Nairobi, na mwaka 1935 akawa katibu wa chama cha wafanyakazi kilichofungua milango kwa watu wa rangi zote. Tarehe 1 Mei 1949 yeye na Fred Kubai waliunda shirikisho la vyama la Afrika Mashariki, Kubai akiwa rais na Singh katibu mkuu. Walipokamatwa Mei 1950, Nairobi iligoma kwa siku tisa. Singh alizuiliwa hadi Oktoba 1961, zaidi ya miaka 11. Ila mtu huyu alikuwa na tabia ya mchapaji: karatasi haitupwi. Vikaratasi vya mwito wa mgomo, mihtasari, barua, vipande vya magazeti, vyote aliviweka. Alipoachiwa alivitumia kuandika historia ya vyama vya wafanyakazi vya Kenya hadi 1952, ikachapishwa 1969, na baada ya kifo chake mwaka 1973 nyaraka zake zikapata makao Chuo Kikuu cha Nairobi. Kwa hiyo leo mwanafunzi anayetaka kusikia vyama vya Nairobi vikizungumza kwa lugha yao vyenyewe anaweza kusikia, na akitaka kuisikia Mombasa ya 1947 kwa namna hiyo atapata taabu. Mchwa wa Mombasa hawana njaa kuliko wa Nairobi. Tofauti ni kwamba upande mmoja nyaraka zilikuwa na mwenyewe, na mwenyewe huyo hakuwa taasisi, alikuwa mtu mmoja mkaidi. Historia ya tabaka zima la watu haiwezi kutegemea bahati ya kumpata Makhan Singh kila mji.

Kuna fungu la tatu, lililo nje kabisa. Katika miaka ya 1950 na 1960 vyama vyetu viliandikiana sana na marafiki wa ng'ambo, maana Vita Baridi ilikuwa imewafanya wafanyakazi wa Afrika kuwa watu wa kugombaniwa. Barua zilizokwenda kwa shirikisho la kimataifa la vyama huru, lililokuwa na makao Brussels, sasa zipo Amsterdam katika taasisi ya kimataifa ya historia ya jamii. Karatasi za Tom Mboya, kiongozi wa wafanyakazi wa Kenya, zipo Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani. Mwaka 2011, wakati wazee wa Mau Mau wakiishtaki Uingereza mjini London, ndipo serikali ya nchi hiyo ilipokiri kwamba kuna mafaili ya makoloni ilikuwa imeyaficha Hanslope Park kwa miongo kadhaa. Ona inavyoshangaza: barua iliyoandikwa na katibu wa chama Nairobi ikatumwa Ulaya ina nafasi kubwa ya kuwepo hadi leo, na nakala yake ya kaboni iliyobaki ofisini haijulikani iliko. Aliyeipokea ng'ambo hakufutwa na rais.

Wanaotetea kuskani wana hoja za nguvu, na nisingependa kuzipunja. Karatasi ya miaka ya 1940 ni dhaifu, na faili likishaguswa na watafiti mia moja linaanza kumeguka. Nakala ya kidijitali inamwezesha mwanafunzi wa Mwanza au Kisumu kusoma bila nauli ya kwenda mji mkuu. Tena inatoa fursa ya kudai nakala za yaliyo Amsterdam na London bila kungoja mzozo wa nani arudishe nini, mzozo ambao unaweza kuchukua miaka hamsini. Hayo yote nakubali. Kasoro yake ni ya mpangilio wa kazi. Mashine inaskani kilichokwisha kupangwa, na kilichokwisha kupangwa ni cha serikali. Kisha kuna hili la kutafuta kwa neno: faili lililo kwenye kompyuta linajibu haraka, na jibu la haraka linageuka kuwa jibu pekee. Zamani mtafiti alikuwa analazimika kwenda kumtafuta mzee wa Kariakoo kwa sababu faili halikutosha. Kesho atakuwa na kurasa elfu za Idara ya Kazi kwenye skrini yake, na mzee wa Kariakoo ataonekana usumbufu.

Hoja nyingine, ambayo huwa nakutana nayo kwa wasomi zaidi kuliko kwa wafanyakazi, inasema historia hii tayari tunayo kwa sababu imo ndani ya historia ya uhuru. Mboya alitoka vyama vya wafanyakazi, Kawawa vilevile, Sykes vilevile. Kitabu cha shule kinawataja, basi kumbukumbu ipo. Inapofika 1961 au 1963 ndipo hoja hii inapovuja. Katika masimulizi hayo mfanyakazi anayegoma ni shujaa hadi bendera inapopandishwa, na kesho yake asubuhi anakuwa mkorofi. Wafanyakazi wa reli walioendesha mgomo mrefu wa 1960 hawakubadilika usiku mmoja. Kassanga Tumbo, kiongozi wao, alitumwa balozi London, akajiuzulu, na kabla ya miaka miwili kupita alikuwa kizuizini. Au chukua yaliyofuata Mwongozo wa TANU wa 1971, waraka wa maelekezo ya chama tawala. Kifungu cha 15 kilimkataza kiongozi kuwa na kiburi na kujikweza, na wafanyakazi wa viwandani walikisoma kama kilivyoandikwa. Kati ya 1971 na 1973 waliacha kazi katika kiwanda kimoja baada ya kingine, mara nyingi wakilalamikia matusi na dharau ya mameneja kabla ya kufika kwenye mshahara. Mwaka 1973 wale wa kiwanda cha mpira cha Mount Carmel, Dar es Salaam, walikikalia kiwanda wakajaribu kukiendesha wenyewe. NUTA haikuwaunga mkono, na kwa hiyo huwezi kutegemea mihtasari ya NUTA ikueleze walikuwa wanafikiri nini. Hapa tuna vuguvugu la wafanyakazi waliokuwa wakitumia maneno ya chama tawala dhidi ya wakubwa waliowekwa na chama hichohicho, moja ya mambo ya ajabu na ya kusisimua katika historia ya nchi hii, na halina kabati lake popote.

Nimeiacha mwisho hoja dhaifu kuliko zote, ingawa ndiyo inayopigiwa makofi: kwamba mfanyakazi anataka mshahara, historia haijazi sufuria. Aliyeibuni hakuwahi kudai kiinua mgongo. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, maelfu ya watumishi wa reli, bandari, posta na ndege walibaki na madai ya haki zao. Waliokuwa Tanzania walikwenda mahakamani, wakafikia makubaliano na serikali mwaka 2005, karibu miaka 30 baadaye, na hata baada ya hapo malalamiko ya waliosema wamepunjwa au wameachwa hayakuisha. Katika safari yote hiyo swali lililomngoja kila mmoja dirishani lilikuwa moja: una uthibitisho gani? Barua ya ajira, karatasi ya malipo, namba ya mfuko wa akiba. Mstaafu mmoja wa reli niliyemfahamu Tanga alikuwa ameweka vyake ndani ya bati la biskuti, pamoja na kadi ya chama, na mkewe alikuwa na ruhusa ya kuacha vyote nyumba ikiungua isipokuwa bati lile. Kwa watu kama hawa kumbukumbu na sufuria ni kitu kimoja. Chama ambacho kingekuwa na daftari zake za miaka ya 1960 na 1970 kingeweza kusimama dirishani badala ya wajane.

Tahadhari moja, kwa upande wangu mwenyewe. Nyaraka za vyama si maji ya zamzam. Mihtasari huandikwa na katibu, na katibu ana kundi lake. Michango iliyoliwa haiandikwi kwa wino. Ofisi za vyama zilikuwa za wanaume wa mjini waliojua kusoma. Manamba wa mkonge, wanawake wanaochuma chai Kericho, vibarua waliokuwa wakigombea kadi mlangoni asubuhi, hao wanaonekana kwa nadra hata katika karatasi za wenzao. Ndiyo maana nasema hata tukizipata nyaraka zote zilizopotea, bado tungehitaji kinasa sauti. Na hapa tuna mfano wetu wenyewe. Mwaka 1968 na 1969 wanafunzi wa chuo kikuu, Dar es Salaam, walikwenda vijijini kukusanya masimulizi ya Vita vya Maji Maji. Zilikuwa zimepita zaidi ya miaka 60 tangu vita vile, na bado walipata watu wa kuwasimulia. Tangu Mount Carmel imepita miaka hamsini na kitu. Kijana aliyekuwa na miaka 20 wakati ule sasa amevuka 70. Yupo, anakumbuka, na tofauti na kuli wa 1947, hajazikwa. Nikiulizwa fedha ya kwanza iende wapi, nitasema iende kwake, na mashine isubiri. Faili lililokaa miaka 75 ndani ya boksi linaweza kukaa na mwaka mwingine.

Hata hivyo kukusanya ya nyuma hakutoshi ikiwa mtambo unaopoteza nyaraka bado unafanya kazi. Kenya, mwaka 1965, Rais Kenyatta alifuta mashirikisho mawili ya wafanyakazi yaliyokuwa yakipigana na kuweka moja, COTU. Mwaka 1980 Rais Moi alipiga marufuku chama cha watumishi wa umma na cha wahadhiri. Siku hizi vyama havifutwi kwa tangazo la redio, vinafutwa kwa barua ya msajili, au vinagawanyika viwili, kila upande ukidai muhuri. Njia ya kuzuia hasara si ngumu wala ya gharama. Sheria zetu tayari zinavitaka vyama vipeleke hesabu zao kwa msajili kila mwaka. Iongezwe kwamba mihtasari na daftari zilizopita muda wa matumizi zinapelekwa Nyaraka za Taifa au chuo kikuu kitakachochaguliwa na chama chenyewe, zikiwa zimefungwa kwa muda watakaokubaliana ili wagomvi wa leo wasiaibishane; na chama kinapofutwa au kuungana na kingine, hakuna mali inayogawanywa kabla karatasi hazijakabidhiwa. Viongozi wengine watapinga kwa sababu ya siri za ndani. Hilo la kufunga kwa muda linawajibu, isipokuwa wale ambao siri yao ni stakabadhi.

Kwa wafanyakazi wapya jambo hili lina haraka zaidi. Tarehe 1 Mei 2023, miaka 74 kamili baada ya shirikisho la Kubai na Singh, wafanyakazi wanaochuja maudhui ya mitandao ya kijamii walikutana Nairobi wakapiga kura kuunda chama chao. Madereva wa teksi za programu wamegoma Nairobi zaidi ya mara moja. Hawa hawaandiki barua kwa nakala ya kaboni. Mwito wa mgomo unapita katika kundi la WhatsApp, mjadala unafanyika kwa sauti zilizorekodiwa, na msimamizi wa kundi akibadilisha simu, au ujumbe ukiwekwa ujifute, vimekwenda. Kwao, kidijitali ndiyo iliyo dhaifu kuliko karatasi, na mpango wowote wa kitaifa unaodhani hifadhi ni kugeuza karatasi kuwa picha hautawaona kabisa. Kampuni za programu, kwa upande wao, zinaweka kila safari, kila nukta ya tathmini na kila malalamiko ya mteja. Mwaka 2070 mwanahistoria atakayemtafuta dereva huyu atampata katika kumbukumbu za mwajiri, kama vile leo tunavyompata kuli katika mafaili ya polisi.

Zitauliziwa fedha, bila shaka. Serikali itasema bajeti ni finyu, na wafadhili watapendelea mashine kwa sababu mashine inapigwa picha siku ya uzinduzi. Lakini vyama vinakata ada kwenye mishahara ya wanachama kila mwezi, nchi hizi zote, na makato hayo yanalipa fulana za Mei Mosi, mabasi, muziki na chakula. Fungu dogo la hapo linatosha kumlipa mtunza nyaraka mmoja kwa kila shirikisho, kumnunulia kinasa sauti, na kumpa nauli ya kwenda Tanga, Kericho na Mombasa. Mwanachama anayekatwa ana haki ya kuuliza katika mkutano mkuu ujao wa tawi lake: daftari zetu za zamani ziko wapi, na nani anashika ufunguo?